Asagao haioti, haichanui, haizai: kutafuta chanzo kuanzia mbegu hadi mbegu

Asagao maana yake ni "uso wa asubuhi". Ua hili la Kijapani hufunguka alfajiri, na jua likishakuwa kali linakunjamana na kuisha. Kitaalamu ni Ipomoea nil, ndugu wa kiazi kitamu. Lilifika Japani kutoka China katika zama za Nara, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na wakati huo thamani yake ilikuwa mbegu, iliyotumika kama dawa ya kuharisha. Leo watoto wa darasa la kwanza Japani hupewa kila mmoja chungu chake cha asagao akioteshe, na huko Iriya, Tokyo, kila tarehe 6 hadi 8 Julai barabara hujaa wauzaji wa maua haya.

Asagao ikigoma, mkulima wa nyumbani hukimbilia mbolea na dawa ya wadudu. Mara nyingi ameanza mbali na tatizo. Mambo mawili ndiyo yanayouendesha mmea huu kuliko mengine yote: urefu wa giza la usiku, na urithi uliofichika ndani ya mbegu. Mbolea hufuata nyuma.

Kabla ya yote: je, hiyo ni asagao?

Pakiti nyingi zenye picha ya asagao ndani yake huwa na ndugu zake. Asagao halisi ina jani lenye ncha 3 na vinyweleo, shina lenye vinyweleo, na sepali (vijani vya kijani vinavyoshika kitako cha ua) nyembamba ndefu zenye manyoya upande wa chini. Ipomoea tricolor, ile ya bluu ya anga, ina majani laini yenye umbo la moyo, hayana vinyweleo. Ipomoea purpurea ina sepali fupi, na kifuko chake cha mbegu huinama chini kinapokomaa.

Inayowachanganya watu zaidi Afrika Mashariki ni Ipomoea indica, ile ya maua ya bluu-zambarau yanayotoka kwa vishada na kufunika senyenge na michongoma. Hiyo huishi miaka mingi, hutoa mizizi popote shina lake linapogusa udongo, na mmea mmoja hauwezi kujichavusha. Kama umengoja mbegu miaka miwili na hujaona hata moja, angalia hapa kwanza.

Mbegu haioti

Usikae ukikisia. Siku ya 7 fukua mbegu moja uitazame, itakuambia yenyewe.

Ukiikuta ngumu kama kijiwe, ndogo vilevile kama ulivyoipanda, maji hayajaingia. Ganda la asagao huziba kabisa linapokauka vizuri, na kadiri mbegu ilivyokomaa na kukauka ndivyo inavyogoma. Dawa yake ni kulikwangua. Shika mbegu utafute kitovu, lile kovu dogo upande mmoja ambako mbegu ilishikana na kifuko (Wajapani nao hukiita heso, yaani kitovu). Mzizi hutokea hapo, kwa hiyo hapo hapaguswi. Geuza upande wa mgongo ulioviringana, mbali na kitovu, kisha kata kipande kidogo sana kwa kikata kucha au kwangua kwa tupa au msasa mpaka uone weupe. Ukiona weupe, acha. Loweka katika maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Asubuhi, zilizonywa maji zitakuwa zimevimba karibu mara mbili. Zilizobaki ndogo zikwanguliwe tena. Maabara hutumia asidi kali ya salfuriki kwa kazi hii; nyumbani asidi hiyo haina nafasi, kikata kucha kinatosha.

Ukiikuta laini, inanuka, imejaa uji ndani, ama ulikata ndani mno ukajeruhi kiini, ama uliiloweka zaidi ya siku moja ikakosa hewa, ama udongo umejaa maji. Mbegu iliyokwanguliwa huoza haraka kuliko nzima, maana mlango umeachwa wazi. Ndiyo sababu mbegu zikwanguliwe siku ya kupandwa tu.

Ukiikuta imevimba, nzima, lakini imetulia tu, ni baridi. Asagao inataka udongo wa nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Japani hungoja katikati ya Mei hata kama jua limeshaanza kuwaka. Kwenye nyanda za baridi kama Mbeya, Limuru au Kabale, usiku wa Juni na Julai huchelewesha kila kitu. Weka chungu ndani, mahali pa joto, mpaka kichwa kitokeze. Kwenye joto linalofaa mche hutoka siku ya 4 hadi ya 7.

Kina cha kupanda ni sentimita 1.5, mgongo juu na kitovu chini. Ukipanda juujuu mbegu itaota, lakini utakutana na tatizo linalofuata.

Mche umevaa kofia

Majani mawili ya kwanza yamekwama ndani ya ganda na hayafunguki. Udongo ulikuwa mwembamba juu ya mbegu, haukulivua ganda lilipopita, au hewa ni kavu. Lowesha ganda kwa pamba yenye maji, ngoja nusu saa, kisha livue polepole kwa vidole. Usilivute kavu, utang'oa jani pamoja nalo. Majani hayo mawili hulisha mche wiki za mwanzo, na kwa wakulima wa asagao zisizo za kawaida ndiyo kitambulisho cha kwanza cha kilichomo ndani. Tutalirudia hilo.

Mche unalala chini kama umekatwa

Shina limenywea usawa wa udongo, limekuwa kama uzi wenye maji. Ni kinyausi. Huletwa na ukungu wa udongoni ukisaidiwa na maji mengi na mbegu zilizobanana. Mche ulioanguka hauponi. Waliobaki wape hewa, mwagilia asubuhi tu, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Kwa msimu ujao lowesha udongo, ufunike kwa nailoni angavu juani wiki 4, ndipo upande. Usipande asagao kwenye udongo uliotoka kuzaa asagao au viazi vitamu: kinyausi, mnyauko fuzari (ugonjwa wa ukungu) na minyoo fundo (minyoo midogo ya mizizini) hubaki humo wakikungoja.

Mchanganyiko unaofanya kazi kwenye chungu ni sehemu 5 za udongo mwekundu wenye punje uliochekechwa kuondoa vumbi, sehemu 4 za mboji ya majani iliyoiva, na sehemu 1 ya makaa ya pumba za mpunga. Vumbi ndilo linaloua mizizi kimyakimya: huziba nafasi za hewa baada ya wiki chache za kumwagilia, na mkulima hudhani mmea una njaa.

Majani: kipi ni ugonjwa, kipi ni tabia

Majani mawili matatu ya chini kugeuka manjano huku juu kukistawi ni kawaida, hasa chungu kikiwa kidogo. Chungu cha kipenyo cha sentimita 15 hadi 18 kwa mmea mmoja kinatosha, ila siku za joto kitataka maji asubuhi na jioni. Manjano yakipanda haraka, chomoa mmea kwenye chungu chake uangalie: mizizi ikiwa imejizungusha ukutani, hamishia chungu kikubwa, ikiwa na vinundu, ni minyoo fundo, utupe mmea na udongo wake.

Vidoadoa vyeupe kama vumbi la unga, jani likififia: piga jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vikitembea ni utitiri mwekundu. Hukaa chini ya jani na hupenda ukavu, kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji, yapigwe kwa nguvu upande wa chini kila asubuhi kwa wiki moja. Wakizidi, sabuni ya maji mililita 5 kwa lita 1, upulizie jioni.

Vipele vyeupe chini ya jani na madoa ya manjano juu yake ni kutu nyeupe. Kata majani hayo uyachome, na uache kumwagilia kwa kunyunyizia juu.

Kiwavi mnene mwenye pembe mkiani anayemaliza jani zima kwa usiku mmoja ni wa nondo Agrius convolvuli. Wajapani wanamfahamu sana kwenye asagao, na wakulima wa viazi vitamu Afrika Mashariki wanamfahamu vilevile. Mtoe kwa mkono. Tafuta kinyesi chake, punje nyeusi juu ya majani ya chini, kisha tazama wima kutoka hapo.

Madoa yaliyochujuka, meupe au kahawia, katikati ya mishipa ya majani yaliyokwisha kukua, yakitokea ghafla baada ya siku ya jua kali isiyo na upepo jijini, hayana mdudu wala ukungu. Ni ozoni, gesi itokanayo na moshi wa magari. Asagao ni nyepesi sana kuumizwa na ozoni, kiasi kwamba Japani wameitumia kama kipimo cha uchafuzi wa hewa, hasa aina iitwayo Scarlet O'Hara. Hakuna cha kupulizia. Majani mapya yatakuwa mazima hewa ikitulia.

Majani yaliyojikunja yanataka jicho la makini, kwa sababu baadhi ya asagao zimechaguliwa kwa miaka 200 ili zijikunje. Tabia ya urithi huonekana mapema, mara nyingi tangu majani mawili ya kwanza au jani la tatu, na kila jani hufuata muundo uleule. Batobato ya virusi huanza baadaye: mmea uliokuwa safi unatoa majani mapya madogo, yenye mabaka ya kijani na manjano yasiyo na mpangilio. Huo ung'oe siku hiyohiyo. Virusi hivyo husambazwa na vidukari na nzi weupe, na baadhi ni vilevile vinavyopunguza mavuno ya viazi vitamu. Kwa hiyo asagao isiwe jirani ya shamba la viazi: kila mmoja atamwambukiza mwenzake.

Shina lake halishiki fimbo

Shina la asagao hujizungusha kinyume cha mwendo wa saa ukilitazama kutoka juu. Ukilizungusha kwa upande mwingine litajifungua usiku na kurudi lilikokuwa linataka. Kwenye fremu ya andon, yaani vijiti 4 vya mianzi na pete 3 zilizopewa jina la taa ya karatasi ya zamani, zungusha shina kwa mteremko mdogo kutoka chini kwenda juu, ukifuata uelekeo huohuo. Fanya kazi hiyo alasiri. Asubuhi shina limejaa maji, hukatika kama karoti.

Kuna asagao isiyopanda kamwe, inaning'inia tu. Huitwa shidare, na jeni yake moja imeharibika, hivyo shina halijui juu ni wapi. Iweke kwenye chungu cha kuning'iniza, iache ishuke.

Majani tele, maua hakuna

Asagao huhesabu usiku. Ikipata giza mfululizo la saa 9 hadi 10 au zaidi, kutegemea aina, hutengeneza matumba. Giza likipungua hapo, huendelea kutoa majani hata ukiimwagia dawa gani. Aina ya Violet, ambayo wanasayansi wameitumia kwa miongo mingi kuchunguza jambo hili, huamua kuchanua ikiwa bado na majani yake mawili ya kwanza, kwa usiku mmoja tu wa saa 16. Na usiku huohuo ukikatizwa katikati na mwanga mwekundu wa dakika chache, uamuzi unafutika.

Basi mwenye asagao isiyochanua atoke nje saa 4 usiku asimame penye chungu. Kama anaweza kusoma gazeti kwa taa ya barazani, ya ulinzi au ya barabarani, amepata jibu. Sogeza chungu gizani. Kama hakisogezeki, kifunike kwa boksi lisilopitisha mwanga, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 asubuhi, kwa siku 7 hadi 10. Matumba madogo yataanza kuonekana kwenye makwapa ya majani wiki mbili au tatu baadaye.

Wasomaji wa London, Stockholm au Minneapolis wana tatizo hilohilo bila taa yoyote, kwa kuwa usiku wao wa Juni wenyewe ni mfupi. London una saa 7 na dakika kadhaa tu. Asagao yao itakaa majani matupu hadi Agosti, ichanue, kisha baridi iikute kabla mbegu hazijakomaa. Boksi mwezi wa Julai ndilo linalookoa mbegu.

Sababu ya pili, ya mbali kidogo, ni naitrojeni. Samadi mbichi au yurea hutoa msitu. Kuanzia jani la 5 tumia mbolea ya maji yenye fosforasi na potasiamu zaidi ya naitrojeni, gramu 1 kwa lita 1, mara moja kwa wiki, na uiache kabisa wiki ya kwanza matumba yanapoonekana.

Imechanua ikiwa kimche

Hili ndilo tatizo la ikweta, na maelekezo ya Kijapani hayaligusi kwa sababu kwao halipo. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima. Kwa asagao kila usiku hapa ni ishara ya kuchanua, tangu siku inatoka ardhini. Matokeo yake ni mmea wa sentimita 30, maua machache madogo, kisha mbegu na mwisho wa maisha.

Tibu kwa kuichelewesha. Weka taa ya kawaida ya nyumbani umbali wa mita moja juu ya miche, iwake kuanzia machweo hadi saa 4 usiku. Giza linabaki kama saa 8 na nusu, na mmea hudhani ni kiangazi cha Tokyo. Endelea hivyo mpaka uwe na majani 7 au 8 halisi, kata ncha ya shina kuu ili matawi ya pembeni yatoke, subiri matawi hayo yafike urefu wa kiganja, kisha zima taa moja kwa moja. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba ukipanda miche miwili, mmoja wenye taa na mwingine bila, utadhani ni aina mbili.

Umaskini wa udongo na baridi navyo huweza kuiharakisha kuchanua. Mmea ulio taabuni hujiwahi kuzaa.

Ua lina kasoro

Linachelewa kufunguka, au linafunguka wakati wewe umelala: asagao huhesabu tangu giza liingie, na hufunguka baada ya saa 10 hivi. Machweo yakiwa saa 12 na nusu jioni, tarajia saa 10 na nusu alfajiri. Taa ya jioni ikizimwa saa 3, hesabu inaanzia hapo.

Tumba lilikuwa zambarau-pinki jana, leo ua ni bluu. Hakuna kilichoharibika. Ua linapofunguka, jeni iitwayo Purple huendesha pampu inayopunguza asidi ndani ya seli za petali, na rangi ileile inageuka bluu. Hapa watu hulinganisha na ua la hidranja, ambalo rangi yake hufuata asidi ya udongo, na kumwaga chokaa au siki udongoni. Kwa asagao haibadilishi rangi hata kidogo. Mabadiliko yanafanyika ndani ya petali, mizizi haihusiki.

Matumba yanadondoka kabla ya kufunguka: chungu kilikauka mchana. Angalia saa 8 mchana, si asubuhi.

Maua mengi, mbegu hakuna

Asagao hujichavusha yenyewe. Alfajiri, ua likijiandaa kufunguka, stameni 5 (vijiti vyenye chavua) hurefuka na kupita kando ya stigma (ncha ya kike inayopokea chavua), zikiiachia chavua. Nyuki hahitajiki. Ua la kawaida lisilozaa lina sababu, na hizi ndizo za kuangalia.

Petali zilizonyauka zimegandamana juu ya ovari (sehemu itakayokuwa kifuko cha mbegu). Siku za unyevu, Zanzibar au Mombasa wakati wa masika, huoza na ukungu ukashuka kwenye kifuko. Vuta petali iliyonyauka jioni yake. Hutoka yote kama soksi. Acha kitako cha kijani na sepali zake.

Joto kali. Katikati ya kiangazi cha Japani maua mengi hudondoka bila mbegu, na uzazi hurudi Septemba joto likipungua. Muscat na Dubai panda Oktoba, usihangaike na miezi ya joto.

Aina ya maua makubwa. Asagao za kushindanishwa, ambazo ua hupita sentimita 20, hujichavusha kwa shida. Amka kabla ya jua, chukua stameni moja kwa kibano, ipake chavua yake kwenye stigma.

Ua ni la petali juu ya petali, mtindo uitwao botan. Hili halitazaa kamwe: sehemu zilizotakiwa kuwa stameni zimekuwa petali, na mahali pa pistili (sehemu ya kike ya ua) pameanza ua lingine. Mbegu zake hutoka kwa ndugu zake.

Mbegu za mwaka jana zimetoa ua jingine

Huko Edo, Tokyo ya zamani, kulikuwa na mawimbi mawili makubwa ya mapenzi ya asagao: miaka ya 1804 hadi 1830, na tena 1848 hadi 1860. Zilitafutwa zile zisizofanana na asagao: petali kama manyoya ya ndege, majani kama ya mwerezi mwembamba au mkunjo wa shuka. Huitwa henka asagao. Nyingi ni tasa, na hata hivyo wakulima walizitunza kizazi baada ya kizazi kabla sheria za Mendel hazijajulikana popote. Leo Chuo Kikuu cha Kyushu kinahifadhi mkusanyiko wake mkubwa. Siri yao ilikuwa moja: kuvuna kwa ndugu wa kawaida, kila mmea peke yake.

Hesabu yake ni hii. Botan hutokana na jeni moja iliyojificha, yaani haijionyeshi mpaka mche uipate kutoka upande wa baba na wa mama. Mzazi mwenye ua la kawaida aliyebeba jeni hiyo hutoa, kwa wastani, mche 1 wa botan katika kila 4. Katika ile 3 ya kawaida, 2 wamebeba siri, 1 hana kitu. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Kwa hiyo:

Vuna kutoka mimea 5 ya kawaida iliyozaliwa pamoja na botan, kila mmoja bahasha yake. Uwezekano wa kukosa mbebaji kati ya 5 ni chini ya 1 kwa 100. Mwaka unaofuata panda mbegu 11 kutoka kila bahasha. Zikichanua zote kawaida, bahasha hiyo karibu hakika haina siri, itupe. Ikitokea hata botan moja, bahasha hiyo ndiyo hazina, na ndugu zake wa kawaida ndio watakaovunwa tena. Ukitaka tabia mbili zilizojificha kwa pamoja, ni mche 1 katika 16, na unahitaji kupanda mbegu 47 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kuuona.

Anayechanganya mbegu zote kwenye chupa moja amepoteza botan yake, hata kama zimo humo. Kila msimu zitapungua mpaka siku moja hazitaonekana.

Jeni nyingine hujionyesha mapema kwenye umbo la majani mawili ya kwanza, na hapo unaweza kubakiza miche unayoitaka siku ya 10 tu. Botan haionekani huko, subiri ua.

Ukiwa hukupanda aina za tasa, na bado rangi imebadilika, kuna mambo mawili. La kwanza ni nyuki aliyeleta chavua ya jirani. Zuia kwa kuvalisha tumba kipande cha mrija wa soda jioni kabla ya kufunguka. Litajichavusha ndani kwa ndani. Tumba la kesho unalijua kwa kuwa limeshapata rangi na ncha imeanza kulegea msokoto. Weka alama ya uzi kwenye kikonyo.

La pili haliletwi na yeyote. Asagao zenye michirizi na madoa zina vipande vya urithi vinavyorukaruka, transposoni. Kikiwa ndani ya jeni ya rangi, rangi inazimika; kikiruka, inawaka, na hapo ndipo mchirizi unapotoka. Kikiruka mapema kwenye seli zinazotengeneza mbegu, watoto wake hutoka na rangi kamili, na michirizi inapotea bila nyuki kuhusika. Vuna kwenye matawi yenye michirizi mizuri iliyosambaa, na mche wa rangi tupu uuondoe kwenye mbegu za akiba hata kama ua lake limependeza.

Mbegu zimevunwa, zimeharibika

Kifuko huwa na vyumba 3, mbegu 2 kila kimoja, kwa hiyo 6 ni ukamilifu. Hukomaa siku 30 hadi 45 tangu ua. Vuna kifuko kikiwa kahawia na kikilia kama karatasi ukikibonyeza. Ukingoja zaidi kitapasuka na kumwaga, na asagao iliyomwagika shambani ni magugu kwa miaka. Kifuko cha kijani kilichovunwa mapema hutoa mbegu zilizokunjamana.

Mbegu nyeupe usizitupe kabla ya kuzipima. Kuna aina ambazo mbegu zake ni nyeupe kwa urithi, mara nyingi za ua jeupe. Bonyeza kwa ukucha: iliyokomaa haibonyei, rangi yoyote iwayo. Usiijaribu kwa meno. Ile nguvu ya kuharisha bado imo ndani yake, na mtoto akizimeza ataugua, kwa hiyo bahasha zikae mbali naye.

Ukiona vitundu vidogo vya duara, ni fukusi. Kausha mbegu vizuri, zigandishe kwenye friza siku 4, kisha endelea kuzihifadhi.

Kausha kivulini wiki 2. Tia kwenye bahasha za karatasi zilizoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hufifia: jina la aina, namba ya mmea mama, mwezi na mwaka. Bahasha ziingie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, pamoja na silika (punje za kufyonza unyevu) au mchele uliokaangwa mpaka kahawia na kupozwa ndani ya chombo kilichofunikwa, uzito wa mchele uwe mara mbili ya mbegu. Iweke kwenye friji. Wakati wa kupanda itoe chupa na uiache mezani nusu siku bila kuifungua, mpaka kioo kisiwe baridi tena mkononi. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa ya pwani utatua juu ya mbegu zote, hata zile ulizokusudia kuzirudisha.